Faida ya Tanuri

Mwezi uliopita Afande Opio na mkewe walitimiza miaka hamsini ya ndoa, na watoto wao wakatualika Nsambya kwa misa na chakula cha mchana. Mimi nilifika misa ikiwa imekwisha, nikaingia ukumbini na zawadi yangu kwapani, nikitafuta kiti cha nyuma karibu na mlango ili niondoke kabla magari hayajaziba barabara ya kwenda Kibuli. Sikufanikiwa. Mzee aliniona, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, akasema kwa nguvu: "Mama Majini amefika! Wekeni yeye hapa mbele, karibu na mimi!" Ukumbi mzima ukageuka. Wale niliofanya nao kazi wakapiga makofi na vigelegele. Wajukuu, ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo, wakanikodolea macho mimi na mtandio wangu mweusi. Kitoto kimoja cha kike kikanifuata mpaka kwenye kiti, kikaniita bibi kwa Kiganda, kikaniuliza kwa sauti ya chini, "Jajja, ni kweli wewe unafukuza majini?" Nikamwambia sijawahi kufukuza hata moja, kazi yangu ilikuwa kuyaongeza. Opio alicheka mpaka mkewe akamletea maji. Nilipokuwa nikila matoke na kuku, mtoto yule akiwa bado ananichungulia nyuma ya mama yake, niliona kwamba sisi tuliobaki wa mwaka ule tunaenea kwenye meza moja, na kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kuwasimulia watoto wake jambo zima tangu mwanzo. Wanajua jina tu. Basi nalisimulia mimi, maana mwaka ule ndio ulionipa kazi iliyonilisha mpaka leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilipanga chumba Kibuli, kwenye mteremko unaotazama reli, katika nyumba ya Hajati mmoja, Mnubi mwenzangu, aliyeamka mapema kupika gurusa, ile mikate yetu laini ya ngano, akawauzia majirani wanaotoka msikitini. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, beseni la bati lenye maua, na dirisha moja ambalo halikufungwa vizuri, hivyo nguo zangu zote zilinukia moshi wa Hajati. Asubuhi nilishuka kwa miguu na gurusa mbili kwenye kitambaa, nikavuka reli Namuwongo kati ya wauza dagaa na wauza makaa, nikafika kiwandani viatu vikiwa vyekundu kwa vumbi. Kampuni ilikuwa kubwa. Makao yake makuu yalikuwa Nairobi na viwanda vyake vilitapakaa nchi kadhaa, vikitengeneza asidi, dawa za kusafishia maji na vitu vingine ambavyo mtu wa kawaida huviona kwenye mapipa ya bluu tu barabarani. Sisi wa Kampala tulikuwa na tanuri moja. Ndani yake mchanga mweupe wa ziwani na magadi viliyeyushwa pamoja mpaka vikawa kioo, kisha kioo kikalainishwa kwa mvuke, ikatoka silikati, maji mazito kama asali ambayo watengeneza sabuni hawawezi kuyakosa. Mimi niliajiriwa kama mkalimani. Wakubwa walitoka Kenya, wafanyakazi walitoka Gulu, Arua, Bunia, Kibuli na kila upande, na lugha ambayo kila mmoja alikuwa nayo, hata kama ni kidogo kama chumvi mfukoni, ilikuwa Kiswahili. Mkurugenzi alikielewa Kiswahili, lakini mkutanoni alizungumza Kiingereza cha ofisi, nami nikasimama kando yake nikigeuza maneno.

Mkutano wa kwanza ninaoukumbuka ulikuwa wa furaha. Tulikuwa kwenye bwalo, paa la mabati juu, harufu ya posho, ule ugali wa mahindi, na maharage ikitoka jikoni, na mkurugenzi, mtu mrefu mwenye sauti nzuri, akatangaza kwamba mwaka uliopita faida ya kiwanda ilipanda sana. Nikatafsiri: faida imepanda sana. Bwalo likapiga kelele. Afande Opio akasimama. Hakuwahi kuvaa sare. Alizaliwa kwenye nyumba za polisi Nsambya na jina la uafande likamng'ang'ania kama lilivyowang'ang'ania watoto wengi wa pale. Alikuwa msimamizi wa zamu ya tanuri na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi. "Basi kama faida iko," akasema, "sisi tunaomba mshahara ipande pia." Mkurugenzi akatabasamu, akasema litafikiriwa, na watu wakala siku ile wakipanga watakachonunua. Jirani yangu mezani alishachagua godoro.

Meza yangu ya kazi iligusana na ukuta wa mbao nyembamba, na upande wa pili wa ukuta ndipo alipokaa mkurugenzi. Kupiga chafya kwake nilikusikia. Wiki chache baada ya mkutano ule nilimsikia akizungumza na Nairobi kwenye simu, na sauti yake nzuri ilikuwa imekauka. "Nimeelewa," alisema. "Lakini mkiamua kulizima tanuri, nipeni walau mpaka mwisho wa mwaka. Nina watu hapa." Akanyamaza, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema tena, "Naijua, margin yetu ndiyo ya mwisho. Naijua." Nilikaa na chai yangu mkononi mpaka ikafanya utando. Ijumaa iliyofuata aliniita tukaenda bwaloni, akasema mbele ya watu wote kwamba makao makuu yamelinganisha viwanda vyote kwa kipimo kimoja, na kwamba katika kipimo hicho Kampala ni ya mwisho. Kisipopanda kufikia mwisho wa mwaka, tanuri litazimwa, na silikati italetwa kwa malori kutoka Kenya. Jina la kipimo hicho alilitaja kwa Kiingereza, nami, kwa kuwa sikuwa na neno lake, nikalisema kama nilivyolisikia: majini. "Majini ya kiwanda chetu yamepungua."

Kwanza walicheka. Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Banange, kumbe utajiri wa hawa watu ni wa majini kweli!" Kisha kicheko kikakatika, maana neno la kuzimwa kwa tanuri lilikuwa limewafikia. Opio akasimama, lakini hakumtazama mkurugenzi. Alinitazama mimi. "Binti Zamzam, juzi ulisimama hapo hapo ukatuambia faida imepanda. Leo unasema wanafunga. Wewe nakula na nani?" Alitaka kujua niko upande wa nani. Nilikuwa nimetafsiri sawasawa mara zote mbili, na mara zote mbili sikujua nilichokuwa nikikisema. Siku zilizofuata nilipoketi bwaloni, benchi langu lilibaki tupu pande zote mbili. Ramadhani, kiongozi wa wachochea moto wa kutoka Kibuli, mtu aliyenifahamu tangu nikiwa mdogo, alinisalimia kwa kichwa tu, kama mtu anayemsalimia mgeni wa jirani yake. Jumapili nzima nililala chumbani, nikimsikiliza Hajati akigeuza gurusa kwenye kikaango, na nilipoamka Jumatatu nilikuwa nimeamua.

Mwishoni mwa korido palikuwa na ofisi ya Madam Mumbua, mkuu wa hesabu, Mkamba kutoka Machakos, mwanamke mfupi ambaye hata mkurugenzi aligonga mlango wake kabla ya kuingia. Ofisi yake ilikuwa na dirisha linalotazama mizani ya malori, kalenda isiyo na picha, na chupa pana ya chakula ambamo kila siku alileta githeri aliyoipika mwenyewe kwa sababu, kama alivyosema, Kampala hawajui kuchemsha mahindi. Niligonga saa ya chakula. Akaniambia niingie, akaendelea kula.

"Madam," nikasema, "ile margin ni nini?"

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimeitamka mbele ya kiwanda kizima na sijui nilisema nini."

Akaweka kijiko chini. Akasukuma kiti kwa mguu wake kuja upande wangu. "Kaa. Umekula?" Nikafungua kitambaa changu, tukagawana: yeye akachukua gurusa moja, mimi nikapewa githeri kwenye kifuniko cha chupa. Ndivyo ilivyoanza. Kwa wiki mbili nzima nilikula ofisini kwake, na mpaka leo nikionja mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, ninasikia sauti yake ikinifundisha. "Kiwanda kikiuza silikati ya shilingi mia," alisema, "zile mia siyo zetu. Toa mchanga. Toa magadi. Toa mafuta ya tanuri, umeme, mishahara, malori, toa na hiki kiti nilichokalia. Kinachobaki, kabla benki haijachukua riba yake na serikali kodi yake, hiyo ndiyo faida ya uendeshaji. Inakuambia kazi yenyewe inalipa au hailipi. Ukiuliza, katika kila mia imebaki ngapi, basi umeuliza margin." Nikamuuliza kwetu imebaki ngapi. Akasema nne. Na wenzetu? "Kumi, kumi na mbili. Nairobi wanataka tufike kumi."

"Lakini mkurugenzi alisema faida imepanda."

"Ilipanda. Unakumbuka kile kiwanja chetu cha kule kando ya reli?" Nilikikumbuka, kilikuwa kimejaa majani na mbuzi wa watu. "Tulikiuza. Pesa yake imeingia kwenye faida ya mwaka, ya jumla, ile ya mwisho kabisa. Hakusema uongo. Lakini kiwanja unakiuza mara moja. Tanuri lenyewe limekuwa likishuka mwaka wa tatu sasa." Nilihisi kama mtu aliyevuliwa kitambaa usoni. Kiswahili chetu kilikuwa kimetupa neno moja, faida, nasi tulikuwa tumetia ndani yake vitu vitatu tofauti, kisha tukagombana kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshika chake.

Nikamwambia Madam kwamba watu wanapaswa kulijua hili. Akasema hata yeye anadhani hivyo, tukaenda pamoja kwa mkurugenzi. Hakupenda. Alisema hesabu za kampuni hazitangazwi jikoni, na kwamba wafanyakazi wakijua kilichobaki katika mia watakidai chote. Madam Mumbua alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, mikono nyuma. "Bwana mkurugenzi," akasema, "unataka wapandishe namba ambayo hawaijui?" Nje lori lilikuwa likipanda kwenye mizani, na vioo vya dirisha vikatetemeka. "Msiharibu," mkurugenzi akasema hatimaye, na hiyo ndiyo ruhusa tuliyopata.

Jioni ile nilipokuwa narudi nyumbani kupitia Namuwongo nilimkuta mama mmoja akipasua fenesi kubwa kama ndoo. Mteja wake alikuwa akilalamika, "Fenesi kubwa hivi, sasa nyama yote imeenda wapi?" Mama akajibu bila kuinua kichwa, "Nnyabo, mimi nauza tu. Sikuliumba." Nikacheka peke yangu pale njiani, na Ijumaa niliingia bwaloni na fenesi zima kichwani, kisu, mafuta ya kupikia ya kujipaka mikononi kwa ajili ya ulimbo, na nanasi moja chini ya kwapa. Watu walidhani nimerukwa na akili. Nikaliweka fenesi mezani. Nikasema, hizi ndizo mia tunazouza. Nikakata ganda nikaliweka kando: haya ni mafuta ya tanuri. Nikachomoa moyo wake mweupe: haya ni magadi na mchanga. Nikatoa kokwa, ulimbo na nyuzi: malori, umeme, ofisi za juu. Nikasogeza pembeni kilichobaki, vipande vichache vya njano kwenye sahani ya bati. "Hii ndiyo faida ya tanuri," nikasema. "Katika mia, ni hivi tu. Bado benki na serikali hawajala." Kisha nikaweka nanasi kando ya sahani. "Na hiki ni kile kiwanja cha kando ya reli, mliposikia faida imepanda. Ni tamu, lakini halikutoka kwenye fenesi."

Opio akaja mpaka mezani. Akalitazama rundo la maganda, akalishika moja. "Na sisi? Mshahara yetu iko wapi? Iko kwa nyama ama iko kwa maganda?" Nilijua lile ndilo swali lenyewe, na Madam Mumbua, aliyesimama mlangoni, alilijua pia, maana niliona amenyoosha shingo. Ningeweza kuzunguka. Nikasema, "Iko kwa maganda, Afande. Kwenye hesabu yao mshahara wako ni kitu kinachokatwa. Sitakuficha." Watu waliguna. Opio akaligeuza lile ganda, mikono yake ikinata ulimbo. Kisha akalirudisha. "Sawa," akasema. "Leo umesema kitu. Sasa tuambie nani anakata ganda nene namna hii." Akageuka kwa wenzake. "Mafuta! Hii mafuta ya tanuri, nani hajui inakwenda wapi?"

Wote walijua. Tanuri la kioo halipendi kupoa. Kila Jumapili moto ulipunguzwa kwa sababu watu wa Nsambya walikwenda kanisani, na kila Ijumaa mchana ulilegea kwa sababu wachochea moto wa Kibuli walikwenda msikitini, na kila sikukuu ya upande wowote lilizimwa kabisa. Kulirudisha kwenye joto lake kulikula mafuta ya siku nzima bila kutoa hata tone la silikati, na matofali yake ya ndani yakapasuka kwa kupoa na kuwaka. Jambo hilo lilikuwepo kwa miaka, na kila kilima, Nsambya kwa Kibuli, kilikuwa kimekilaumu kilima cha pili. Ramadhani alikuwa wa kwanza kulisema. Alisimama kwa uzito wake wote, akapangusa midomo. "Afande, mimi Jumapili siendi popote. Watu wangu watachochea Jumapili na Krismasi. Wewe utanipa nini?" Opio hakungoja. "Ijumaa mchana watu yangu watasimama kwa yenu. Na Idi zote mbili. Mwende mswali mpaka mchoke." Bwalo likalipuka kwa kicheko, na wawili wale, waliokuwa hawazungumzi isipokuwa kwa kutukanana mapipa yakichelewa, wakashikana mikono yenye ulimbo, ikanatana, ikabidi niwamwagie mafuta ya kupikia kuwaachanisha. Fenesi tulikula sote. Hapo ndipo jina la Mama Majini lilipoanza, na nanasi lilikwenda kwa wapishi.

Lakini mafuta peke yake yasingetufikisha kumi. Madam Mumbua alinichukua siku moja kwa Bwana Ssemanda, mkuu wa mauzo, mtu mcheshi aliyevaa tai hata Jumamosi. Zaidi ya nusu ya silikati yetu ilinunuliwa na kiwanda kimoja cha sabuni, kwa bei ya zamani, na malori yetu yakampelekea bure. Ssemanda alijivunia mteja huyo kama mtu anavyojivunia mkwe tajiri. Madam alimwonyesha kwamba ukitoa mafuta ya malori, kila pipa linalokwenda kule linarudi na hasara. "Lakini ndiye anayenunua nyingi kuliko wote!" Ssemanda akasema. "Nikimpoteza huyo, nitauza nini?" Nilimwonea huruma, miaka yote amepimwa kwa mapipa, na leo anapimwa kwa kitu kingine. Siku tatu alizipiga hesabu zile upya peke yake. Siku ya nne alifunga tai yake, akaenda mwenyewe kwa mteja yule, akamwambia bei mpya, na kwamba lori litalipiwa. Akarudi uso umempauka. Mteja amekataa. Atanunua kwingine.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyotupima. Malori yaliyokuwa yakipanga foleni langoni yalitoweka, mapipa yakajaa uani mpaka njia ya kupita ikawa nyembamba, na kila asubuhi watu walilitazama lango jinsi mgonjwa anavyoutazama mlango wa daktari. "Mama Majini," waliniambia, "umetumaliza." Hata mimi nilianza kuogopa. Nilimwendea Madam, akanionyesha mwezi ule: tumeuza kidogo zaidi, lakini katika kila mia imebaki saba. Nilisoma mara mbili. Tuliuza kidogo na kazi ikalipa zaidi. "Kaza roho," akaniambia. "Sasa tafuta watu wa kununua hizi zilizo uani." Ssemanda nami tukatoka. Yeye alijua Kampala yote. Mimi nilijua Kiswahili. Tulizunguka kwa wapika sabuni wadogo ambao hakuna aliyewahi kuwafuata, nyuma ya nyumba, mapipa ya mafuta ya mawese yakichemka, wanawake wakikata sabuni kwa waya. Katika mmoja wa nyua hizo tukamkuta Mama Furaha, mfanyabiashara wa Bunia aliyekuja kununua sabuni apeleke kwao Kongo. Akatusikiliza, akauliza, "Mnasema munauza hiyo dawa yenyewe? Na mutaniuzia miye?" Alikuwa amekuja mara mbili langoni kwetu miaka iliyopita na kurudishwa, kwa sababu alisema Kiswahili na mlinzi akadhani anatafuta kazi. Alilipa bei yetu bila kununa, akaleta lori lake mwenyewe, na nyuma yake wakaja wenzake. Uani pakaanza kuonekana sakafu. Na kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijakatika, yule mteja mkubwa wa sabuni akapiga simu: alikokwenda walikuwa wakimchelewesha. Ssemanda alimsikiliza kwa adabu zote, akamtajia bei ile ile mpya na gharama ya lori. Nilikuwa nimesimama pale. Alipoweka simu alicheza, tai yake ikipepea, mkuu wa mauzo mwenye mvi akicheza peke yake kati ya makabati.

Siku ya Krismasi nilikwenda kiwandani na sinia la pilau la Hajati. Ramadhani na watu wake wa Kibuli walikuwa kwenye tanuri, jasho likiwatiririka, na kupitia tundu la kuchungulia kioo kilikuwa kikichemka cheupe na chekundu kama kwamba hakuna sikukuu duniani. Tulikuwa tumeanza kula alipotokea Opio, suti ya misa mwilini, viatu vinang'aa, mtoto wake mdogo begani. Alikuwa ametoka Nsambya moja kwa moja. Alisema amepita tu. Akainama kwenye tundu, akatazama moto mpaka joto likamrudisha nyuma. "Afande," Ramadhani akamwambia, "rudi kwa watoto wako. Haliwezi kuzimika, sisi tupo." Opio alimwekea mkono begani, akachukua kipande cha nyama kutoka kwenye sinia letu, akaenda. Nimehudhuria sherehe nyingi tangu hapo, pamoja na ile ya mwezi uliopita, na sijaona watu wakitakiana heri vizuri zaidi.

Baadaye Madam Mumbua alinipeleka kusomea hesabu jioni, kisha akanichukua idarani kwake, na miaka mingi baadaye nilikikalia kiti chake kinachotazama mizani. Vijana niliowafundisha walinikuta nikiwauliza swali moja kabla ya yote: hii faida mnayoisema, imetoka kwenye kazi au imetoka kwenye kiwanja? Wengine walidhani ni mzaha wa kizee. Tanuri la pili lilijengwa, kisha la tatu, na kuna watoto wa Nsambya na Kibuli ambao wamesomeshwa na moto ule bila kujua. Lakini siku ninayoirudia kichwani ni ile ya Januari, mchana, bwaloni, Madam Mumbua alipoingia na karatasi moja mkononi. Hakuwahi kula pale. Mkurugenzi alikuwa nyuma yake, na safari hii alikuwa akitabasamu kama mtu, siyo kama mkurugenzi. Madam hakuhitaji mkalimani. Alisema kwa Kiswahili chake cha Machakos, "Katika kila mia, tumebakiza kumi na moja. Nairobi wameshasema. Tanuri linabaki."

Sijui nani alianza. Nakumbuka sahani za bati zikipigwa kwa vijiko, wapishi wakitoka jikoni na miko mikononi, Ramadhani akimnyanyua Opio, Ssemanda akilia waziwazi kwenye tai yake. Ilichukua muda mrefu watu kutulia. Walipotulia, Opio alikuwa amesimama mahali pale pale aliposimama mwaka uliotangulia, akavuta benchi, akamwonyesha mkurugenzi. "Bwana, kaa hapa. Sasa tuongee mshahara. Na tunaongea kwa faida ya tanuri, hii ya kila mwaka. Kama nyinyi nauza kiwanja ingine, hiyo kula wenyewe." Mkurugenzi akashangaa, kisha akacheka, akakaa, akaanza kujibu kwa Kiingereza, haraka, asilimia na makato, huku akinigeukia ili nisimame. Nikasimama. Opio akainua mkono kunizuia.

"Hapana, binti yangu," akasema. "Wewe kaa ule. Hii hesabu sasa tunasikia sisi wenyewe."

Nikarudi kwenye benchi langu, lililokuwa limejaa pande zote mbili. Walinisogezea nafasi. Nyuma yangu mazungumzo yaliendelea, Opio akiuliza, mkurugenzi akijibu, Ramadhani akirudia namba kwa sauti ili wote wazisikie, nami nikala posho yangu ingali ya moto.